Magitaa manne yanapogongana

Ndugu yangu, umesema mko wapiga gitaa wanne, mnakutana Jumamosi, na kila mkianza inageuka kelele. Msikate tamaa. Shida ni kwamba wote mnapiga kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zilezile, mahali palepale shingoni mwa gitaa. Gaweni kazi kama bendi za rumba za Kongo: mmoja ridhimu (mapigo ya msingi), mmoja solo (melodi ya mbele), mwingine mi-solo katikati yao, wa nne ashike besi kwenye nyuzi nene. Mkipiga kodi za C, F na G, wa ridhimu apige kawaida, wa mi-solo afunge kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 5, yaani kijiti cha tano cha shingo, na kushika vidole kama anapiga G, C na D. Kwa sababu ya kapo, zitatoka kodi zilezile za C, F na G, ila zinalia juu zaidi. Raha tupu! Tyunini kwanza (linganisheni sauti za nyuzi), wote kwa kifaa kimoja. Solo ikiingia, wengine punguzeni mkono, mpige kwa sauti ya chini.