Kabla Hujailaumu Mbegu: Nilichojifunza Kuhusu Mafuta ya Tumbo la Kuku

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayefugia Chanika aliniandikia ujumbe mrefu akitaka nimtajie mbegu ya kuku wa nyama isiyokuwa na mafuta, kwa sababu wateja wake wawili wamemrudishia kuku wakilalamika kwamba sehemu ya uzito walioulipia imeishia kwenye ndoo ya takataka. Nilipousoma ujumbe ule nilijiona mwenyewe miaka sita iliyopita, nikiwa na swali lilelile, hasira ileile na, nakiri, kiburi kilekile cha mtu aliyekwisha kumtambua mkosaji kabla ya kuchinja hata kuku mmoja kwa nia ya kumchunguza. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto kama yangu: kutoka kwenye banda la kuku mia tatu nyuma ya nyumba hadi kumiliki kuku wazazi na mashine ya kutotolesha.

Wakati huo nilikuwa nafugia Goba, na mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Mwenge anayepika kwenye shughuli, ambaye alichukua kuku sitini kila wiki bila maneno mengi. Jumamosi moja aliniita jikoni kwake, akawapasua kuku wangu watano mbele yangu na kutoka kwa kila mmoja akavuta lile pande la mafuta linaloanzia kwenye firigisi na kushuka hadi karibu na sehemu ya haja, kisha akayaweka yote pamoja juu ya mizani niliyokuwa nimekuja nayo. Yalikaribia gramu 400. Akaniambia, "Mwanangu, mimi kwako nanunua kuku, mafuta nanunua dukani kwa Mangi." Niliondoka nimekasirika kiasi kwamba niliisahau mizani yangu palepale mezani.

Usiku ule nilituma kwenye kundi letu la wafugaji ujumbe wa sauti wa dakika saba, nikimtuhumu aliyeniuzia vifaranga kwamba amebadilisha mbegu kimyakimya. Muuzaji yule alinipigia kesho yake kwa upole, akaniuliza jambo moja tu, nalo ni kwamba nawalisha nini. Nilimkatia simu. Nimekuja kumwomba radhi baadaye, lakini swali lake bado linaniuma, maana lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Badala ya kulijibu, niliamua kutengeneza mbegu yangu mwenyewe. Nilichagua majogoo manne makubwa kuliko yote katika kundi la broila, yenye matiti mapana na tumbo lililojaa, nikayapandisha kwa mitetea chotara niliyokuwa nayo nyumbani. Sitawachosha na miezi iliyofuata. Itoshe kusema kwamba nilipochinja uzao wa kwanza, baadhi walikuwa wakavu kama kuku wa kijijini na wengine walibeba mafuta kuliko baba zao. Sasa naona kwamba sikupaswa kushangaa, kwa kuwa broila tunayemnunua ni mchanganyiko wa koo kadhaa zilizochaguliwa kila moja kwa kazi yake, na ukimfanya mzazi, vinasaba vilivyokusanywa kwa uangalifu hutawanyika upya kwa watoto wake. Halafu mimi nilikuwa nimechagua kwa jicho, na jicho haliwezi kutofautisha uzito wa nyama na uzito wa mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo la kuku aliye hai.

Katikati ya mkanganyiko huo mtetea mmoja mnono alikutwa amekufa asubuhi, undu umepauka. Mpwa wangu, ambaye wakati ule alikuwa anasoma mambo ya mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alikuwa likizo kwetu, akampasua. Ini lilikuwa la manjano, limevimba, likibonyezwa linamomonyoka, na damu iliyoganda ilikuwa imejaa tumboni. Akaniambia, "Mjomba, ini limezidiwa na mafuta mpaka likapasuka." Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo ningependa kila mfugaji alijue: kwa kuku kazi ya kutengeneza mafuta mapya hufanywa zaidi na ini, tofauti na nguruwe, ambaye huyatengeneza zaidi ndani ya tishu za mafuta zenyewe. Nguvu inayobaki baada ya mahitaji ya mwili, hasa ile itokanayo na wanga wa mahindi na pumba, hugeuzwa kuwa mafuta kwenye ini, hufungwa pamoja na protini katika vifurushi vidogo, na kusafirishwa kwa damu hadi tumboni, chini ya ngozi, au kwa kuku anayetaga, kwenye kiini cha yai. Kila hatua ina kimeng'enya chake (protini inayoendesha kazi hiyo) au kipokezi chake (protini iliyo kama mlango wa kupokelea mafuta kwenye seli), na kila kimojawapo kimeandikwa kwenye jeni. Ndiyo maana hakuna "jeni ya mafuta" moja unayoweza kuiondoa kama unavyotoa jiwe kwenye mchele.

Hapa naungama kosa jingine. Mpwa wangu alinisimulia pia kuhusu kuku wa utafiti wenye hitilafu kwenye kipokezi kinachoingiza mafuta ndani ya kiini cha yai. Jeni ya kipokezi hicho iko kwenye kromosomu Z, moja ya zile zinazoamua jinsia ya kuku, ambayo kuku jike anayo moja tu, kwa hiyo nakala moja yenye kasoro inatosha kumharibu jike, ilhali jogoo mwenye Z mbili anaweza kuibeba bila kuonekana. Jike wa namna hiyo karibu hatagi kabisa, na mafuta yaliyokosa mlango wa kuingilia yaini hubaki yamefurika kwenye damu. Nilivutiwa mno na maelezo hayo, na kwa mwezi mzima nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba mtetea wangu alikuwa nayo hitilafu hiyo. Hakuwa nayo. Alikuwa ametaga hadi juma alilokufa, jambo ambalo lilitosha kunifunga mdomo kama ningekuwa natafuta ukweli badala ya kutafuta cha kusingizia. Alichokuwa nacho ni chakula chenye nguvu nyingi, nafasi ndogo ya kutembea na joto la mwezi Februari la Dar es Salaam.

Mpwa ndiye aliyenishauri jaribio ambalo nalipendekeza kwako, msomaji wa Chanika, kabla ya jambo lolote lingine. Nilinunua vifaranga wa boksi moja, nikawagawa mara mbili katika banda lilelile lenye kizuizi katikati. Upande mmoja walikula mchanganyiko wangu wa siku zote, ambao kwa kukwepa bei ya soya na dagaa nilikuwa nimeujaza mahindi na pumba. Upande wa pili walikula chakula chenye protini inayostahili, yaani karibu asilimia 22 mwanzoni na karibu asilimia 19 au 20 mwishoni. Siku ya 35 nilichinja kumi kila upande, majogoo watano na majike watano, kwa sababu majike kwa kawaida hubeba mafuta zaidi na ukiwachanganya bila mpango utajidanganya. Kuku wa mchanganyiko wangu walikuwa na mafuta ya tumbo yanayokaribia mara mbili ya wenzao, ingawa walitoka boksi moja. Kuku anayepungukiwa na protini huendelea kula akiitafuta, na nguvu ya ziada anayoimeza katika kuitafuta huko haina pa kwenda isipokuwa kwenye ini na kisha tumboni. Mbegu niliyoitukana kwa dakika saba haikuwa na hatia.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo wengi huruka upande wa pili na kusema kwamba kila kitu ni chakula. Nilipoyatazama majogoo matano ya upande uliolishwa vizuri, yaliyokunywa maji yaleyale na kulala kwenye maranda yaleyale, moja lilikuwa na mafuta zaidi ya maradufu ya jingine. Kuku watano ni wachache mno kuthibitisha jambo, ila walilingana na kile kinachofahamika kwa muda mrefu: kuku wakilelewa katika hali moja, mara nyingi nusu au zaidi ya tofauti zao katika mafuta ya tumbo hutokana na kurithi. Watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini Ufaransa, walilionyesha hilo kuanzia miaka ya 1970, walipotenganisha koo mbili za kuku, moja ya wanene na moja ya wakavu, wenye uzito wa mwili unaokaribiana na wanaokula kiasi kinachokaribiana. Na huko Harbin, China, kazi ya namna hiyo inaendelea tangu mwaka 1996, wakichagua wazazi kwa kutazama mafuta ya tumbo pamoja na vile vifurushi vya mafuta vilivyomo kwenye damu. Tafakari maana yake: kuku wawili wenye uzito uleule na waliokula chakula kilekile, mmoja amekujengea nyama na mwenzake amekujengea mafuta. Na kwa kuwa nyama kwa sehemu kubwa ni maji, ilhali mafuta ni nguvu tupu iliyobanwa, gramu ya mafuta inakugharimu chakula kingi kuliko gramu ya nyama.

Basi, ndugu yangu, ushauri wangu ni kupima. Pima mafuta, usipime kuku mzima peke yake. Ukiwa unanunua vifaranga vya boksi huna njia ya kuchagua vinasaba, kwa kuwa hujui nani ni ndugu wa nani, kwa hiyo rekebisha chakula, punguza msongamano, hakikisha hewa inapita hasa kuanzia Januari hadi Machi, kwa sababu joto la muda mrefu nalo huwafanya broila wajaze mafuta, halafu upime tena. Ukifikia hatua ya kuwa na wazazi wako mwenyewe, wape pete za namba mguuni, andika kila kifaranga ni wa baba gani na mama gani, chinja baadhi ya ndugu na upime mafuta yao, kisha ubakize kwa ajili ya kuzalisha wale walio hai kutoka familia zilizoonyesha ukavu. Usimchague jogoo kwa sababu amejaa mkononi. Nimefanya hivyo, na nimeshaeleza nilichokipata. Wako watakaokuambia kwamba daftari ni la wasomi. Waache waendelee kutuma ujumbe wa sauti.

Niongeze moja, kwa kuwa wateja wa Dar es Salaam hulichanganya sana. Mafuta ya manjano si ushahidi kwamba kuku ni mnene wala kwamba ni wa kienyeji halisi. Rangi hiyo hutoka kwenye majani na mahindi ya njano, na kwa kuwa mahindi yetu mengi ni meupe, broila wetu hutoka wamepauka. Ngozi ya manjano ni habari nyingine: mwaka 2008 ilibainika kwamba kuku wenye ngozi hiyo wana aina ya jeni ambayo, ndani ya ngozi, hupunguza kazi ya kimeng'enya kinachokata rangi hizo, na kwamba inaelekea waliipata kwa kuzaana na kuku-mwitu wa kijivu wa India. Haina uhusiano na kiasi cha mafuta, na mfugaji anayewapaka kuku wake manjano ya unga ili wauzike sokoni Kisutu anajifahamu.

Mama wa Mwenge alirudi kuwa mteja wangu baada ya mwaka mmoja na nusu, na sasa anachukua kuku mia moja na ishirini kwa wiki, jambo ambalo sioni haya kulitaja. Kila ninapompelekea mzigo huchagua wawili bila kuniuliza, huwapasua, na kupima pande la mafuta mbele yangu kwa mizani ileile niliyoisahau, ambayo nilipojaribu kuidai aliniambia kwamba imeshakuwa ya jikoni.