Soda ya funda moja moja na meno yanayoingia ganzi

SWALI: Hujambo daktari. Ninauza nguo katika soko la Kibuye, Kisumu, na kwa sababu ya joto huwa na chupa ya soda karibu nami tangu asubuhi hadi jioni, nikinywa funda moja moja. Kila ninapoamka hunywa maji ya vuguvugu yenye ndimu, kisha napiga mswaki papo hapo. Siku hizi meno yangu ya mbele huingia ganzi na kuuma nikinywa maji baridi, na ncha zake zimekuwa nyembamba. Dada yangu aliyeolewa Nakuru anasema ni maji ya kisima ninayokunywa nikimtembelea. Je, nikihamia soda isiyo na sukari nitapona?

JIBU: Sijambo, dada. Maji ya Nakuru tuyaondoe kwanza. Ni kweli kwamba visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe, na ndiyo sababu watu wengi waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo, hata hivyo, hutokea utotoni jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, wala hayampati mtu mzima anapokwenda kutembea.

Dalili ulizozitaja zinaelekea zaidi kwenye asidi. Enameli, yaani tabaka la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini, lakini haina chembe hai, kwa hiyo ikishalika haioti tena. Huanza kupoteza madini kinywa kinaposhuka chini ya takriban pH 5.5 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikipungua, asidi ni kali zaidi), ilhali soda ya kola ina pH ya karibu 2.5 na maji ya ndimu halisi hayako mbali na hapo. Mate huiondoa asidi hiyo na kurudisha sehemu ya madini, mradi yapewe muda. Nawe kwa kunywa funda moja kila baada ya dakika chache huyapi nafasi hiyo kutwa nzima. Ndiyo maana chupa moja inayonywewa kwa mkupuo pamoja na chakula cha mchana hudhuru meno kidogo kuliko chupa hiyohiyo inayokaa nawe hadi jioni.

Soda isiyo na sukari hupunguza hatari ya meno kuoza, jambo ambalo si dogo, lakini asidi yake ingalipo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mswaki wa asubuhi. Unausugua juu ya enameli iliyokwisha kulainishwa na ndimu, ukaikwangua. Piga mswaki kabla ya kunywa, kwa mswaki laini na dawa yenye floraidi, na baada ya ndimu sukutua kwa maji matupu tu. Ukitaka kupiga mswaki tena, ngoja saa nzima. Mrija nao husaidia ukipita nyuma ya meno ya mbele. Hapo sokoni weka chupa ya maji, na ukitaka kitu kizito zaidi, maziwa hayana madhara hayo.

Hata hivyo usikose kumwona daktari wa meno, kwa sababu ncha zilizokwisha kukonda huenda zikahitaji kujengwa kwa dawa ya kuzibia. Mweleze pia kama husumbuliwa na kiungulia, kwani asidi ya tumboni hula meno ya juu kwa upande wa ndani, na hapo itabidi kiungulia chenyewe kitibiwe.