Usianze na kalamu, anza na simu
Umeuliza uanzie wapi kuorodhesha vyombo vya jikoni bila kupoteza siku nzima. Fungua kabati moja moja, droo nazo, upige picha. Vijiko na sahani andika kwa jumla tu, "sahani 12" inatosha. Muda wako upeleke kwenye vitu vya umeme: pindua blenda, chini utakuta kibandiko chenye modeli na namba yake, cha friji mara nyingi kiko ndani, ubavuni. Kipige picha pamoja na risiti, maana maandishi ya risiti hufifia. Kisha jitumie picha zote na orodha kwa barua pepe. Daftari likikaa jikoni, moto ukizuka litaungua na vyombo vyake. Mifuniko isiyo na mabakuli? Usihesabu, tupa.