Mchungwa Ukianza Manjano, Usikimbilie Urea

Jani la mchungwa likigeuka manjano, wengi wetu huku Muheza tunaenda moja kwa moja kwenye duka la pembejeo. Nakusihi, mkulima mwenzangu, uende kwanza shambani ukatazame: yaliyobadilika ni majani ya zamani au machanga?

Majani ya zamani yakipauka yote, mpaka mishipa, mti una njaa ya naitrojeni. Mpe samadi iliyoiva au urea kiasi, ardhi ikiwa na unyevu. Lakini pembeni yakiwa manjano huku karibu na kikonyo pamebaki kabari ya kijani iliyochongoka kuelekea ncha, hiyo ni magnesiamu, na urea haitasaidia kitu. Huonekana zaidi kwenye miti iliyozaa sana.

Majani machanga yakiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, fikiria chuma, zinki au manganizi. Ya zinki huwa madogo, membamba, yamesongamana. Mara nyingi madini yamo ardhini ila mizizi haiyapati, hasa kwenye udongo wa chokaa juu ya mawe ya matumbawe, au pale maji yanapotuama. Palipotuama maji, chimba mfereji kwanza. Kwenye chokaa, mbolea ya kupulizia majani hufanya kazi haraka kuliko ya kumwaga chini.

Ninaloliogopa ni HLB, ugonjwa wa bakteria usio na tiba. Chukua kalamu, chora duara mbili zinazolingana kushoto na kulia kwa mshipa wa kati. Upungufu wa virutubisho hufanana pande zote mbili. HLB huweka mabaka ovyo, upande mmoja manjano, mwingine kijani. Pasua na chungwa: huwa limepinda, mbegu zimesinyaa. Zamani ulisumbua zaidi milimani kwenye baridi, lakini mwaka 2016 iliripotiwa kuwa mdudu wa Asia anayeueneza, anayestahimili joto, ameingia Tanzania. Kwa hiyo sisi wa tambarare tusijione tumepona.

Ukiushuku, mwite afisa ugani auone mti wenyewe. Akithibitisha, ung'oe, hata kama bado unazaa, kwa sababu wadudu wanaofyonza machipukizi yake watahamia kwa jirani. Na usikate kijiti cha kubebeshea miche mipya kwenye mti wenye mabaka hayo, hata matunda yake yawe matamu vipi.