Barua kwa mwanangu: kutimiza masharti si kupewa

Mwanangu Salim,

Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Unaniuliza: "Mama, wakili anasema hata nikitimiza masharti yote afisa anaweza kuninyima grini kadi, na hatakuwa amevunja sheria. Inawezekanaje? Na ile kazi niliyofanya bila kibali, niitaje au niinyamazie?" Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nataka mkaza mwanangu naye asome, tena msome polepole. Kazi yangu ya ukalimani imenikalisha sana katika ofisi za mawakili wa uhamiaji. Habari za watu niliowakalimania siwezi kukusimulia, ni amana. Sheria lakini iko wazi kwa kila mtu.

Wakili wako amesema kweli. Kinachomruhusu mtu aliyeko ndani ya Marekani kugeuza hadhi yake na kuwa mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, bila kurudi kwao kuomba viza ubalozini, ni kifungu cha 245 cha sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952. Kifungu hicho hakiahidi kwamba anayetimiza masharti atapewa. Kinasema anaweza kupewa, kwa hiari ya mwenye mamlaka. Wewe umekulia Mombasa, unajua posa: mahari yako tayari, wazee wamekuja, hakuna kizuizi cha dini, na bado aliyeposwa ana haki ya kukataa. Masharti yanakufikisha mlangoni tu.

Kwangu mimi haikuwa hivyo, ndiyo maana naona imekushangaza. Nilipopata viza ya bahati nasibu nilihojiwa ubalozini Nairobi, na afisa wa ubalozi akimnyima mtu viza ya uhamiaji hana budi kuegemea kifungu fulani kinachomzuia mwombaji huyo. Hawezi kusema, "Umetimiza yote, lakini nimeonelea usipewe." Wa kwako huko Houston anaweza, mradi aandike sababu zake na aonyeshe amepima mazuri na mabaya. Baraza la rufaa za uhamiaji limekuwa likisema tangu miaka ya 1960 kwamba njia hii ya ndani ni upendeleo, si haki.

Hata hivyo usikate tamaa. Mwaka 1970, katika shauri la Arai, baraza hilohilo liliweka msingi ambao mawakili wanautaja hadi leo: pasipokuwa na jambo baya, kwa kawaida mwombaji anayestahiki hupewa. Jambo baya likiwepo, mwombaji alete mazuri ya kulishinda, na likiwa zito sana, hayo mazuri nayo yawe ya kipekee. Yanayohesabiwa kuwa mazuri ni jamaa walioko huku, muda ulioishi hapa, taabu itakayowapata wakikukosa, kazi, kodi, na tabia yako kwa majirani. Mabaya ni makosa ya jinai, uongo kwa serikali, na kuvunja masharti ya viza.

Sasa tuje kwako. Uliingia kwa viza ya mwanafunzi, ukakaguliwa mpakani, hilo ni jema sana. Karo ikakushinda, ukaacha chuo, ukafanya kazi ile ya ghala bila kibali. Kwa mtu wa kawaida hayo yangemfungia mlango wa kifungu cha 245. Wewe mkeo ni raia, na sheria imewasamehe wenzi wa raia makosa ya namna hiyo katika upande wa masharti. Kuna shauri la mwaka 1980, Cavazos, ambamo baraza liliona kwamba mwenzi wa raia asinyimwe kwa sababu tu alikuja na viza ya muda huku akikusudia kubaki, ikiwa hana baya jingine. Kwa hiyo kosa lako la viza, likiwa peke yake, lisikukoseshe usingizi. Lakini kusamehewa kwenye masharti hakumfungi afisa macho kwenye kupima.

Sasa hilo la kunyamaza. Fomu I-485, ndiyo ya kuombea grini kadi, inauliza wazi kama umewahi kufanya kazi Marekani bila idhini, na kama umewahi kuvunja masharti ya viza yako. Ukijibu "ndiyo" umetaja kosa ambalo sheria imelisamehe. Ukijibu "hapana" umezaa kosa jipya, uongo kwa serikali ili upate faida ya uhamiaji, na hilo lina kifungu chake cha kukuzuia. Jibu "ndiyo", Salim, kisha ambatisha maelezo mafupi: lini, wapi, kwa nini, ulipata kiasi gani.

Nataka uijue kesi ya Pankajkumar Patel, Mhindi aliyekuwa akiishi Georgia. Mwaka 2007 yeye na mkewe waliomba kugeuza hadhi. Mwaka uliofuata, akihuisha leseni ya udereva, alitia alama kwenye kisanduku kinachosema yeye ni raia wa Marekani. Mwenyewe alisema alikosea, hakukusudia, na wala hakuwa na haja ya kudanganya kwa sababu leseni angeipata hata asipokuwa raia. Jaji wa uhamiaji hakumwamini. Patel akapanda mahakama moja baada ya nyingine hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 16 Mei 2022, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kukagua kama jaji yule aliuona ukweli sawasawa au alikosea. Maswali ya sheria na ya katiba bado yanaweza kupelekwa mbele yao. Ukweli wa mambo, hapana. Jaji Gorsuch, aliyeandika maoni ya wanne walioshindwa, alilalamika kwamba sasa serikali inaweza kukosea waziwazi na mahakama zisiweze kurekebisha. Mimi naungana naye. Mtu kupoteza maisha aliyoyajenga kwa kisanduku kimoja, na pasiwe na hakimu wa kuuliza kama kweli alidanganya, ni dhuluma. Lakini ndiyo hali tuliyo nayo, na kesi ile iliyomhusu jaji wa uhamiaji, mahakama kadhaa za rufaa zimeitumia pia kwa uamuzi wa maafisa wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji inayoamua maombi kama lako.

Unaona inakufundisha nini wewe? Usiweke akiba ya ushahidi ukidhani mbele kutakuwa na mahakama itakayokusikiliza upya. Kila kitu kizuri kuhusu maisha yako kiingie kwenye faili sasa, kabla afisa hajakalia kiti chake. Asichokiona kwenye faili hawezi kukipima.

Na kisanduku cha Patel kinanipa wasiwasi mmoja juu yako. Pale ghalani, walikujazisha fomu I-9? Ile fomu ya mwajiri ina mahali pa kuchagua: raia, mkaazi wa kudumu, au mgeni mwenye idhini ya kazi. Ikiwa uliambiwa "weka alama hapo tu" na hapo palikuwa pa raia, hilo si suala la kupima tena. Kudai uraia kwa uongo tangu mwisho wa Septemba 1996 ni kizuizi cha maisha, na kwa anayeomba grini kadi kupitia ndoa karibu hakuna msamaha. Vivyo hivyo leseni ya udereva: je, uliulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura ukasema ndiyo? Kama kuna lolote la namna hiyo, mwambie wakili kabla fomu haijatumwa. Usimwambie shemeji yako, usimwambie rafiki, mwambie wakili.

Kuhusu kodi, umeniambia ulilipwa taslimu na hukuwahi kuwasilisha ritani. Wasilisha sasa za miaka yote ile, hata kwa kuchelewa, na kama hukuwa na namba ya hifadhi ya jamii, kuna namba ya mlipakodi inayotolewa na mamlaka ya mapato ya huko. Kodi ni kati ya vitu vichache vya nyuma ambavyo bado unaweza kuvitengeneza kwa mkono wako. Afisa akiona mtu alifanya kazi bila kibali na kodi hakulipa, hayo ni mawili. Akiona amelipa yote pamoja na faini kabla hajaulizwa, ameona mtu mwingine.

Barua za watu zisiwe za "ni kijana mwema". Zipo nyingi, na hazina uzito. Mzee wa msikiti aandike kwamba wewe ndiye unayefundisha watoto hesabu Jumamosi, tangu lini, na alikuonaje. Mama mkwe wako, unayempeleka kusafishwa figo, aseme ni siku zipi za wiki, na nani mwingine angempeleka. Daktari wake aandike hali yake. Taabu itakayowapata raia wewe usipokuwepo inahesabika, lakini lazima ionekane kwenye karatasi.

Hali ya sasa ni kali kuliko nilivyoijua mwanzo. Agosti 2025 USCIS iliwaelekeza maafisa wapime pia kama mwombaji ameunga mkono fikra za kuipinga Marekani, makundi ya kigaidi au chuki dhidi ya Wayahudi, na ikapanua ukaguzi wa mitandao ya kijamii. Novemba mwaka huohuo ikaelekeza kwamba kwa watu wa nchi 19, wakiwemo ndugu zetu wa Burundi na Somalia, mambo ya nchi yao yanaweza kuhesabiwa kuwa kasoro kubwa. Jambo hilo linaniuma. Mtu ajibu kwa aliyoyatenda. Kwa alikozaliwa atajibu nini? Kenya haikuwa kwenye orodha hiyo, lakini mwombe wakili aangalie maelekezo mapya kila mara.

Wakiona dosari wanaweza kukutumia barua ya kudai ushahidi zaidi, au notisi ya nia ya kukataa. Hiyo notisi haizidishi siku 30 za kujibu, kwa hiyo ukiipata usilale nayo. Wakikataa kabisa, hakuna rufaa ya kawaida: unaweza kuomba waifungue tena au waitazame upya, na ukipelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji unaweza kuliomba tena ombi lako hapo. Na kupelekwa ni rahisi siku hizi, kwani tangu Februari 2025 msimamo wao ni kumpa wito wa mahakama anayekataliwa akiwa hana hadhi nyingine halali.

La mwisho ni harusi ya dada yako. Najua ameshakuambia tarehe, na najua anakutarajia. Hutakwenda. Ukitoka nje ya Marekani ombi likiwa bado halijaamuliwa, bila kibali cha kusafiri cha mapema, ombi linahesabiwa umelitupa. Nitamweleza mimi, atalia, atanyamaza.

Nitumie nakala ya fomu kabla hamjaitia saini, na mkaza mwanangu anipigie Jumapili anieleze walichojibu kuhusu ile I-9.

Mamako

Columbus, Ohio