Maswali ya Wasomaji: Je, Muuzaji wa Mnada wa Mtandaoni Afiche Majina ya Watoa Dau?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Marekani, na kwa miaka sita nimekuwa nikiuza sarafu za zamani za Afrika Mashariki kupitia tovuti ndogo ya minada ya wakusanyaji. Mwezi uliopita niliweka mnadani sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ile yenye tembo, iliyopigwa na Wajerumani pale Tabora mwaka 1916. Mnada ulifungwa kwa dola 3,150 na mshindi akalipa siku ileile. Siku tatu baadaye aliniandikia kwa hasira mtu aliyeshika nafasi ya pili, akiuliza sarafu yake iko wapi. Kumbe alikuwa amepokea barua pepe yenye jina langu na picha za tangazo langu, ikimweleza kwamba mshindi ameshindwa kulipa na kwamba yeye anaweza kuichukua kwa dola 3,100, naye akatuma fedha kupitia wakala. Barua hiyo sikuiandika mimi. Tovuti hiyo huonyesha majina ya akaunti ya watoa dau wote kwa yeyote anayefungua ukurasa, ila muuzaji anaruhusiwa kuificha orodha nzima. Je, niifiche katika minada yangu yote kuanzia sasa? Mwenzangu ananionya kwamba wanunuzi watanishuku.

S. K., Houston

JIBU

Ndugu S. K., kinachofaa kufichwa ni majina, si mwenendo wa mnada. Na kwa kuwa tovuti yako imekupa kufuli moja tu linalofunga vyote viwili kwa pamoja, nakushauri usilifunge. Najua ushauri huu unaweza kukushangaza baada ya yaliyokupata, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Tapeli aliyemwibia mteja wako hakuhitaji kuvunja akaunti ya mtu yeyote. Alifungua ukurasa wa mnada uliokwisha, akasoma jina la aliyeshika nafasi ya pili, kisha akabahatisha anwani yake, kwa sababu watu wengi hutumia jina lilelile mnadani na katika barua pepe. Ukiliunganisha jina hilo na huduma nne au tano maarufu za barua pepe, mara nyingi mojawapo itafika. Barua ya kawaida ya utapeli hutumwa kwa maelfu ya watu wasiojulikana, lakini hii hutumwa kwa mtu mmoja ambaye mwandishi wake anajua anatamani nini, alikuwa tayari kulipa kiasi gani, alishindwa lini na muuzaji anaitwa nani. Tena huwasili wakati uchungu wa kukosa haujapoa. Ndiyo maana hunasa hata watu makini.

Hukuitaja tovuti yako, nami sitabahatisha ni ipi, lakini tatizo lenyewe lina historia, na mfano unaojulikana zaidi ni wa eBay. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar huko California mwaka 1995, kwa miaka mingi ilionyesha majina ya akaunti ya watoa dau kwa kila mtazamaji, na uwazi huo ulihesabiwa kuwa sehemu ya uaminifu wake. Barua za uongo za nafasi ya pili, yaani zinazomwambia aliyeshindwa kwamba mshindi hakulipa na sasa anaweza kununua yeye, zilipozidi, mwanzoni mwa 2007 ilianza kuyafunika majina huko Marekani pindi bei ilipofika dola 200, na baadaye ufunikaji ukaenea, hata leo mtazamaji huona herufi moja, nyota kadhaa, na herufi nyingine. Zingatia hapa ni nani aliyefichiwa. Muuzaji bado anamwona kila mtoa dau, kampuni inawaona wote, na umma unaendelea kuona kiasi cha kila dau, saa lilipotolewa, na idadi ya maoni aliyokwisha kupewa mtoa dau katika biashara zake za nyuma. Kilichoondolewa ni kile kipande kimoja alichokuwa akikihitaji tapeli ili kubahatisha anwani.

Kufunika kwa namna hiyo nakuunga mkono bila kusita. Kufuli la tovuti yako ni jambo jingine, kwa sababu linaifuta orodha yote mbele ya wanunuzi, na hapo unaufungia mlango utapeli wa mtu wa nje huku ukiufungulia utapeli wa muuzaji mwenyewe. Simaanishi wewe. Namaanisha kwamba mnunuzi hatakuwa na njia ya kukutofautisha na muuzaji mwovu.

Aliyewahi kusimama asubuhi katika mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, anaelewa ninachosema bila kuelezwa sana. Dalali anataja bei, wanunuzi wamemzunguka, na kila mmoja anamwona anayeongeza. Dalali akimpanga mpwa wake apandishe bei ya changu halafu asinunue, atafanikiwa mara moja au mbili, lakini wachuuzi hawachelewi kumtambua mtu anayeongeza kila siku na kuondoka na ndoo tupu. Mnadani mtandaoni hakuna nyuso, na kilichobaki mahali pa nyuso ni ile orodha ya madau.

Orodha hiyo imewahi kufanya kazi kubwa. Mwezi Mei 2000, mwanasheria mmoja wa Sacramento aliweka eBay picha ya kuchorwa kwa bei ya kuanzia ya senti 25, akijifanya hajui thamani yake, huku akiwaachia watazamaji wajionee wenyewe alama iliyowafanya waamini kwamba ni kazi ya mchoraji maarufu Richard Diebenkorn. Dau lilifika dola 135,805. Waandishi wa habari na wanunuzi walipoanza kuchunguza mwenendo wa madau yaliyotolewa, ikabainika kwamba muuzaji alikuwa ameongeza dau katika mnada wake mwenyewe. eBay ikaufuta mnada huo, na mwaka 2001 watu watatu wakafunguliwa mashtaka kwa mtandao wa akaunti walizokuwa wakizitumia kupandishiana bei. Kama orodha ya madau ingekuwa imefungwa, watu wa nje wangekuwa na kitu gani cha kuchunguza? Huko Uingereza nako, mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimpa mfanyabiashara wa kukodisha mabasi madogo adhabu ya saa 250 za kazi za kijamii, pamoja na faini, kwa kujiongezea dau mwenyewe kupitia akaunti nyingine.

Hatari hii huwa kubwa zaidi mahali ambapo tovuti humtolea mnunuzi dau kidogokidogo kwa niaba yake. Tuseme umeiambia tovuti kwamba mwisho wako ni dola 3,000, na mshindani wako wa kweli ameishia 2,400: utashinda kwa kiasi kinachozidi 2,400 kidogo tu. Akiingia mtu wa kupangwa na kusukuma hadi 2,900, utashinda vilevile, utafurahi vilevile, na utakuwa umelipa karibu dola 500 zisizo na sababu. Hutajua kamwe. Mtu aliyeibiwa kwa barua ya uongo walau hugundua baada ya siku chache kwamba ameibiwa, ndiyo maana malalamiko yanayosikika ni yake, nasi tunadhani utapeli wake ndio ulioenea peke yake.

Kwa hiyo mwenzako amesema kweli kuhusu shaka ya wanunuzi, na mimi ningekuwa mnunuzi wa sarafu ya bei hiyo, ningepita mbali na mnada wenye orodha iliyofungwa. Ziko bidhaa zinazostahili usiri kamili, kwa mfano vitu vya afya au vya faragha ambavyo mtu hangependa jirani yake ajue kwamba anavinunua. Sarafu ya Tabora si mojawapo. Labda utasema mnunuzi wa dhahabu huogopa wezi, lakini jina la akaunti si anwani ya nyumba, na aliyechagua jina lisilomtambulisha hana la kuhofia.

Unachoweza kufanya kipo, na hakigharimu kitu. Katika kila tangazo lako andika waziwazi kwamba hutampa mtu nafasi ya pili isipokuwa kupitia ujumbe wa ndani ya tovuti, na kwamba hutamwomba yeyote atume fedha nje ya utaratibu wake wa malipo. Mnada unapofungwa, wapelekee walioshindwa ujumbe mfupi, ndani ya tovuti hiyohiyo, kwamba mshindi amelipa na kitu kimekwisha kuuzwa. Ujumbe wa mistari miwili unaofika kabla ya barua ya tapeli una nguvu kuliko kufuli lolote. Waandikie pia wenye tovuti, ukiomba wayafunike majina kwa nyota huku wakibakisha kiasi, muda na sifa za watoa dau, kwa kuwa kazi hii kwa hakika ni yao, na si haki wamtwike muuzaji mmojammoja uamuzi ambao unapaswa kuwa kanuni ya soko zima. Mteja wako aliyeibiwa mshauri awasiliane mara moja na wakala aliyepeleka fedha, maana zikiwa hazijachukuliwa huenda zikazuiwa, kisha apeleke taarifa katika kituo cha FBI cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa intaneti, kinachojulikana kwa kifupi kama IC3. Mpe nakala ya tangazo lako na uthibitisho kwamba sarafu ilikwenda kwa mtu mwingine. Umechafuliwa jina, lakini yeye ndiye aliyepoteza fedha, na hasira yake ivumilie.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nilishindwa katika mnada wa saa ya mkononi kwenye eBay, na sasa nimepewa nafasi ya pili kwa bei ileile ya dau langu la mwisho. Nimeingia katika akaunti yangu na kuukuta ujumbe huo humo ndani, kwa hiyo si wa uongo. Je, nilipe?

Msomaji, Muscat

JIBU

Umefanya vyema kuutafuta ujumbe ndani ya akaunti yako badala ya kubofya kiungo cha barua pepe, nami nakubali kwamba nafasi hiyo ni ya kweli, kwani eBay humruhusu muuzaji kuitoa hadi siku 60 baada ya mnada kufungwa. Lakini ujumbe kuwa wa kweli hautoshi kukuhakikishia kwamba bei nayo ni ya haki. Jiulize mshindi amekwenda wapi. Huenda muuzaji ana saa mbili zinazofanana, au mshindi alikosa fedha. Huenda pia mshindi alikuwa mtu wa kupangwa aliyekusukuma mpaka mwisho wako, akapitiliza kwa bahati mbaya, na sasa nafasi ya pili ndiyo njia ya kukurudisha ulipe kila ulichokuwa nacho.

Fungua orodha ya madau, ambayo majina yake yamefunikwa lakini mengine yote yanaonekana. Yaondoe kwa kalamu madau yote ya mshindi aliyetoweka, kisha tazama dau la juu la mshindani aliyebaki chini yako: bei ambayo ungelipa bila mshindi huyo ni ile inayozidi hapo kwa hatua moja, yaani kwa nyongeza ndogo kabisa inayoruhusiwa. Ukikuta umeombwa dola 420 wakati hesabu hiyo inakupa 310, na ukaona kwamba mtoweka huyo ana maoni mawili au hana kabisa, basi iache nafasi hiyo ipite, kwani hulazimiki kuikubali, au mwandikie muuzaji ndani ya tovuti kwamba ungependa aitangaze saa hiyo upya, nawe utatoa dau lako kama watu wengine.