Fimbo za baba yako zipo

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unauliza fimbo za gofu za marehemu baba yako kama bado zipo, na kama utaaibika Jumamosi mbele ya bosi wako, maana wamekualika kucheza na we hujashika fimbo tangu utotoni, ila unajipa moyo kwamba kiwanja chenyewe ni kifupi, mashimo tisa tu na kila shimo la mikwaju mitatu.

Fimbo zipo. Zilikuwa nne, ile ya mbao mchwa wamekula kichwa, zimebaki tatu za chuma, ziko nyuma ya kabati pamoja na mwavuli. Hilo limeisha.

Sasa hiyo "kifupi tu" ndo imenikalia kooni. Kiwanja cha baba yako si ulikiona? Mashimo sita, kwenye mikorosho ya babu yako, shimo la mbali kuliko yote halifiki mita mia, na bado kuna watu wazima walitoka pale wamenuna hawasalimiani wiki nzima. Alijifunza kwa kubeba mifuko ya wachezaji Dar alipokuwa kijana, akarudi Mtwara na fimbo nne wakati sheria inaruhusu mpaka kumi na nne, na akili yote imehamia huko. Grini za majani, pale palipolainishwa kuzunguka shimo, angezitoa wapi na jua hili? Alichanganya mchanga na oili chafu ya gereji, anaukandamiza kwa ubao mpaka unakuwa mweusi na laini kama ngozi, halafu anafukia kopo la maziwa. Na kopo alilipima kwa rula kwanza! Shimo la gofu ni milimita 108, akazunguka maduka ya Mikindani mpaka Mtwara mjini kutafuta kopo linalokaribia hapo, maziwa yenyewe nyie mkayanywa mpaka mkayachukia.

Mi kazi yangu ilikuwa chai. Chai na mihogo, naileta shimo la nne, nakaa kwenye mzizi nawaangalia wakibishana.

Siku yenyewe ilikuwa Oktoba, mabibo yameanguka chini yote, mekundu na ya njano, nzi, harufu ile unaijua. Mipira ilikuwa imebaki mitatu, na enzi hizo mpira ukipotea umepotea, mpaka mtu atoke Dar avuke mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, daraja la Mkapa lenyewe lilikuja kufunguliwa 2003. Bamdogo wako akapiga wake ukazama kwenye mabibo. Baba yako akatoa saa, dakika tano za kutafuta (siku hizi nasikia ni tatu, wamebadilisha 2019), wote wameinama wanafukua mabibo, na wewe umo, umechafuka mpaka masikioni.

Mi nimesimama pale. Ile fimbo ya chuma namba tisa imeegemezwa kwenye mti. Mpira mmoja uko chini, wa akiba. Nikajifunga kanga vizuri, nikavua malapa, nikapiga.

Haukwenda juu sana, nisikudanganye. Ulienda chini chini, ukagonga mzizi, ukapinda, ukaingia kwenye ule mchanga mweusi ukawa unatambaa taratibu, unaacha mstari nyuma yake kama konokono, halafu nikasikia kopo: kng'! Wote wakainuka. Mkwaju mmoja, mwanangu. Baba yako na ile miaka yote hakuwahi, mpaka anaingia kaburini hakuwahi.

Unajua alisema nini? "Haihesabiki, hujaandikwa kwenye kadi ya mikwaju." Basi. Bamdogo wako akacheka, akasema umegonga mzizi huo, bahati. Nikawaambia mpira haumjui aliyeupiga, ungegonga mzizi kwa mkono wa mwanaume mngeuita ufundi.

Na hilo la kadi ningelisamehe. Kwa kanuni alikuwa sahihi, sikuwa mchezaji, nilikuwa mwenye birika, nakubali. Kilichoniuma ni kwamba alichukua lile gunia la kusawazishia, akaenda kwenye mchanga, akaufuta ule mstari. Taratibu, kutoka kwenye kopo kurudi nyuma, mpaka ukaisha. Najua utasema ndo utaratibu, mchanga lazima usawazishwe ili anayefuata apate pa kupigia, hata mi najua, nimemwona akifanya hivyo mara elfu. Lakini chai yake ilikuwa inapoa na siku zote alikuwa anakunywa kwanza. Siku hiyo alianza na gunia.

Sisemi alikuwa na wivu. Alikuwa mtu wa haki, mshahara ananiletea mkononi, na we shahidi. Labda kweli alikuwa anafikiria mchezo tu. Mara nyingine nikiwa peke yangu namtetea kabisa. Halafu nakumbuka alivyokuwa anavuta lile gunia bila kunitazama... basi, nimekwambia sisemi.

Ila wewe ulikuwepo, na usiku ulikuja jikoni ukaniuliza, mama mbona baba kafuta? Nikakwambia kalale. Sijui kama unakumbuka.

Kwa hiyo kuaibika utaaibika, kila mtu anaaibika, mipira mitatu ya kwanza itaenda inakotaka. Bosi wako naye ataaibika kidogo, mwangalie. Mpira haumjui bosi.

Nakutumia fimbo mbili za chuma kwa basi la alfajiri Alhamisi, nimezifunga kwenye salfeti, mpe kondakta chochote. Ile chuma namba tisa inabaki kwangu, na ule mpira usiniulize, uko kwenye sanduku la kanga. Korosho za kwenye mfuko wa kaki ni za mkwe wangu, usizipeleke ofisini. Na kama naye anakuja hiyo Jumamosi, hata kama anasema anakuja kutazama tu, muandikishe kwenye kadi kabla hajashika fimbo.

Mama yako